Kichomi Kinapokoma

Kichomi kina hila moja inayowaponza wengi: hukoma chenyewe. Mtu anaanza na maumivu ya upande mmoja wa kifua. Akivuta pumzi kwa nguvu panachoma, akikohoa anajishika mbavu, akihisi chafya inakuja anaizuia kwa mikono miwili. Anachuliwa mafuta, anakunywa tangawizi, anatumwa mtoto dukani kununua vidonge vya maumivu. Siku ya nne au ya tano maumivu yanapungua, na kabla wiki haijaisha yamekwisha kabisa. Nyumbani wanashukuru. Kilichobaki ni kijikohozi kikavu na kuhema kidogo akipanda kilima, na hayo kila mtu anayaita uchovu wa ugonjwa.

Mara nyingi kweli amepona. Lakini wapo ambao maumivu yao yamekoma kwa sababu mbaya: maji yameingia. Kuta mbili zilizokuwa zikisuguana zimetenganishwa, na zikishatengana hazichomi tena. Katika maradhi ya kifua hiyo ndiyo nafuu ya kwanza ya uongo, wala si ya mwisho.

Kila pafu limevikwa utando mwembamba wenye unyevu. Utando huo ukifika kwenye shina la pafu, pale zinapoingilia njia za hewa na mishipa ya damu, hujikunja na kurudi kufunika upande wa ndani wa mbavu pamoja na mgongo wa kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Ni utando mmoja, basi, wenye kuta mbili, na katikati yake pana uwazi ambao kwa mtu mzima mwenye afya una maji mililita 10 hadi 20 tu, pande zote mbili zikijumlishwa. Ukuta wa ndani ulioshikamana na pafu hauna neva za maumivu. Wa nje unazo tele. Ndiyo maana pafu linaweza kuliwa na ugonjwa kwa miezi kadhaa mwenyewe asihisi kitu, lakini siku ugonjwa unapougusa ukuta wa nje, mtu hapati usingizi.

Maji tunayoyazungumzia katika sura hii yako kwenye uwazi huo. Hayamo ndani ya pafu. Ipo hali nyingine ambapo vifuko vya hewa vyenyewe hulowa, mara nyingi kwa sababu moyo umeelemewa ghafla, na hiyo ni dharura ya namna yake, inayoweza kumuua mtu kwa saa chache. Hapa pafu linaweza kuwa kavu kabisa ila limebanwa kutoka nje.

Mililita hizo chache haziko palepale tangu jana. Damu inayopita kwenye mishipa midogo ya ukuta wa nje ina shinikizo, na shinikizo hilo hupenyeza maji kidogo kidogo kwenye uwazi. Protini za damu, hasa albumini inayotengenezwa na ini, huyavuta maji yabaki ndani ya mishipa. Mvutano huo wa shinikizo linalosukuma na protini zinazovuta ulielezwa mwaka 1896 na Ernest Starling, mwanafiziolojia Mwingereza, na hadi leo wanafunzi wa udaktari huujua kwa jina lake. Maji yaliyopenya huondolewa kupitia vitundu vidogo mno vilivyomo kwenye ukuta huohuo wa nje, vinavyofungukia kwenye mishipa ya limfu. Jahazi la mbao ndivyo lilivyo: halikosi kuvuja hata likiwa jipya, na mabaharia hawashtuki kuona maji kwenye ngama. Wanafua, safari inaendelea. Kinachotisha ni siku maji yanapoingia kwa kasi kuliko wanavyofua, au mfuaji anapougua.

Na mfuaji wa kifuani ana nguvu kubwa ya akiba. Mishipa ya limfu inaweza kuongeza kazi zaidi ya mara 20 ya kawaida kabla maji hayajaanza kujikusanya. Kwa hiyo maji yakionekana kwenye picha, jambo kubwa limeshatokea: ama uvujaji umepita kiasi, ama vitundu vimezibwa, na kwa wagonjwa wengi ni yote mawili.

Yako maradhi ambayo hayaugusi utando hata kidogo lakini huujaza maji. Moyo ukishindwa kusukuma, damu inarundikana nyuma yake, shinikizo linapanda na maji yanapenya pande zote mbili za kifua. Figo zikiwa zinapoteza protini kwenye mkojo, damu inakosa kitu cha kuyavuta maji yabaki ndani. Ini lililokakamaa hutengeneza albumini kidogo, na zaidi ya hapo hujaza maji tumboni. Kiwambo cha baadhi ya watu kina vijitundu visivyoonekana kwa macho, na kwa kuwa kila pumzi hufanya kifua kivute, maji ya tumbo hunyonywa kwenda juu. Mara nyingi huingia upande wa kulia. Mgonjwa wa namna hiyo ukimtoa maji ya kifua leo, wiki ijayo yamerudi, kwa sababu chanzo chake kiko chini ya mbavu.

Mtu mwenye maji mengi, lita moja au mbili, utamtambua kabla hajazungumza. Analala upande ule wenye maji ili pafu zima libaki juu na huru, au halali kabisa, anakaa ameegemea mito. Sentensi anaikata katikati apate pumzi. Wengi hudhani anahema kwa kuwa pafu limebanwa na hewa haitoshi. Kubanwa kupo, lakini madaktari waliopima oksijeni ya wagonjwa kabla na baada ya kutoa maji walikuta mara nyingi haibadiliki sana, ilhali mgonjwa mwenyewe anasema amefufuka. Sehemu kubwa ya mateso inatoka kwenye kiwambo. Maji ni mazito, yanakisukuma chini mpaka kinabonyea, na msuli uliobonyea hauwezi kuvuta. Ukiyatoa, kiwambo kinarudi mahali pake na kazi ya kupumua inakuwa nyepesi papo hapo, hata kama pafu halijatanuka sawasawa.

Kuyatambua maji hayo bila kupasua mtu ni ustadi uliochukua muda mrefu. Waganga wa Ugiriki ya kale, wa mapokeo ya Hippocrates, walimkalisha mgonjwa, mmoja akamshika mikono, mwingine akamtikisa mabega na kusikiliza ni upande gani unachupachupa. Njia hiyo haifui dafu penye maji matupu. Mlio hutokea tu kama kuna hewa pamoja na maji. Mwaka 1761 huko Vienna, daktari Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, alichapisha kijitabu kinachofundisha kugonga kifua kwa ncha za vidole: penye hewa panavuma, penye maji panatoa sauti butu. Hakuishia kwenye wagonjwa walio hai. Alijaza maji vifua vya maiti, akagonga, akaona sauti inakuwa butu hadi pale maji yalipofika. Wenzake hawakumjali. Kijitabu kilipata wasomaji wa kweli mwaka 1808 kilipotafsiriwa kwa Kifaransa na Corvisart, daktari wa Napoleon, na Auenbrugger alikufa mwaka uliofuata.

René Laennec, aliyebuni stetoskopu mjini Paris mwaka 1816, aliongeza jambo ambalo mpaka leo linawachekesha wanafunzi wodini. Mwambie mgonjwa aseme neno huku ukisikiliza mgongoni, pale juu kidogo ya mpaka wa maji: sauti inakuja nyembamba, ya puani, yenye mtetemo, sauti ya mbuzi hasa. Vidole vya Auenbrugger na masikio ya Laennec bado vinafanya kazi katika kila zahanati isiyo na mashine, na mimi ningependa tabibu anayejua kugonga kifua kuliko anayejua kujaza fomu ya rufaa. Eksirei ya kusimama inahitaji kiasi cha mililita 200 kabla pembe ya chini ya kifua haijaonekana imezibwa. Altrasaundi huona maji machache zaidi ya hayo, na humwonyesha daktari mahali salama pa kupitisha sindano.

Sindano hiyo inaogopwa. Wapo wanaoamini kwamba mtu akishatobolewa kifua safari yake imefika, na imani hiyo haikutoka hewani: wagonjwa wengi hufikishwa hospitali wakiwa hoi, wanatobolewa, wanakufa kwa ugonjwa waliokuja nao, na sindano ndiyo inayobaki kwenye kumbukumbu ya wafiwa. Kazi yenyewe ni ya muda mfupi. Mgonjwa anaketi ameinamia meza, anachomwa ganzi mgongoni, kisha sindano inapitishwa juu ya mfupa wa ubavu, si chini yake, kwa sababu mshipa wa damu na neva hupita kwenye ukingo wa chini wa kila ubavu. Kwa kawaida hawatoi zaidi ya lita moja na nusu kwa mkupuo. Pafu lililokaa limejikunyata kwa wiki nyingi likitanuliwa ghafla linaweza lenyewe kulowa maji ndani.

Hapa ndipo inapokuja nafuu ya pili ya uongo. Mtu aliyeingia anahema anatoka anaongea, anaomba chai, usiku analala chali kwa mara ya kwanza baada ya mwezi. Anaporudi nyumbani haoni sababu ya kufuata majibu. Na hospitali nazo zina lawama yake: kumtoa mtu maji mara mbili tatu bila kupeleka hata kichupa kimoja maabara ni kumfulia maji bila kutafuta palipotoboka.

Kichupa hicho kinasema mengi. Maji yakiwa usaha, jibu limeonekana kabla ya kufika maabara. Yakiwa meupe na mazito, huenda mshipa mkuu wa limfu unaobeba mafuta ya chakula kutoka utumbo umepasuka au umebanwa. Yakiwa na damu bila ajali yoyote, saratani inaingia kwenye orodha ya washukiwa. Lakini mengi ni ya njano tu, na kwa macho maji ya moyo uliochoka hayatofautiani na ya kifua kikuu.

Mwaka 1972 daktari kijana wa Marekani, Richard Light, akiwa Johns Hopkins mjini Baltimore, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya kuchunguza vifua 150 vyenye maji. Walilinganisha maji na damu ya mgonjwa huyohuyo. Protini ya maji ikizidi nusu ya protini ya damu, au kimeng'enya kiitwacho LDH kikizidi asilimia 60 ya kile cha kwenye damu, au LDH ya maji ikipita theluthi mbili ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu, basi utando wenyewe ni mgonjwa: umevimba na unavujisha. Isipotimia hata moja kati ya hizo tatu, utando ni mzima, na mwenye kosa atafutwe kwenye moyo, figo au ini. Kanuni hiyo ina kasoro, hasa kwa mgonjwa wa moyo aliyekwisha kunywa dawa za kukojoza. Maji yake hupungua, protini inabaki, na kipimo kinamsingizia utando. Hata hivyo imedumu nusu karne, na sababu ni kwamba inauliza swali linalostahili kutangulia mengine yote.

Katika nchi zetu utando ukiwa mgonjwa, wa kwanza kushukiwa ni kifua kikuu. Na kifua kikuu cha utando ni mjanja. Kidonda kidogo chini ya utando hupasuka na kumwaga vijidudu vichache kwenye uwazi, na mwili uliokwisha kuvijua hupambana navyo kwa hasira iliyopitiliza. Maji yale mengi ni matokeo ya hasira hiyo kuliko ya vijidudu vyenyewe. Matokeo yake ni kwamba ukiyaweka chini ya hadubini, hukuti kitu kwa wagonjwa zaidi ya tisa katika kila kumi. Hata mashine za kisasa za kutafuta vinasaba vya bakteria huwakosa wengi. Makohozi nayo mara nyingi ni safi, maana ugonjwa haujafika kwenye njia ya hewa. Daktari anabaki kuunganisha vipande: homa za jioni, jasho la usiku, nguo zinazopwaya, maji ya njano upande mmoja yaliyojaa protini na chembe nyeupe za aina ya limfosaiti, na maabara ikiweza, kimeng'enya cha ADA kilichopanda. Ndugu wakiambiwa anaanza dawa za kifua kikuu ilhali vipimo vimesema hakuna kifua kikuu, wanaona wanachezewa. Kutoonekana kwa kijidudu kwenye maji haya hakumwondolei mgonjwa shaka hata kidogo, na ni jukumu la anayeandika dawa kulieleza hilo kwa utulivu.

Halafu maji yanaondoka. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye mgonjwa alijue. Kifua kikuu cha utando, hata kisipotibiwa, mara nyingi hukauka chenyewe ndani ya miezi michache. Homa inashuka, mtu ananenepa, anarudi kazini. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Marekani, Roper na Waring, walichapisha habari za wanajeshi 141 waliopata maji ya namna hiyo wakati tiba yenyewe bado ilikuwa mapumziko. Maji yaliwakauka. Lakini walipofuatiliwa kwa miaka, asilimia 65 walirudi na kifua kikuu kilicho wazi, kwenye pafu au penginepo. Kukauka kulikuwa likizo ya ugonjwa.

Funzo hilohilo lilijirudia kwa sura nyingine nchini Uganda. Kwa kuwa maji ni matokeo ya hasira ya mwili, ilionekana ni busara kuituliza hasira kwa dawa ya prednisoloni. Watafiti waliwachukua watu wazima 197 wenye VVU na kifua kikuu cha utando, wote wakapewa dawa za kifua kikuu, nusu wakaongezewa prednisoloni na nusu vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2004. Waliopewa prednisoloni walipona haraka zaidi kwa macho: dalili ziliwatoka mapema, maji yakatoweka mapema. Vifo havikupungua kwa kiasi cha kujivunia. Na miongoni mwao wachache walipata saratani ya Kaposi, wakati upande wa pili hakuna hata mmoja aliyeipata.

Kinachotibu ni zile dawa nne za kuanzia na miezi sita ya kumeza bila kukatiza. Ugumu ni kwamba mgonjwa wa maji hujiona mzima mapema kuliko wagonjwa wengine wa kifua kikuu, na mtu anayejiona mzima hana hamu ya vidonge. Mpango wa taifa ambao Tanzania iliuanzisha mwaka 1977, kwa ushauri wa Karel Styblo aliyezaliwa Chekoslovakia, ulijengwa juu ya kumfuatilia mgonjwa hadi dozi iishe na kuhesabu waliomaliza badala ya walioanza. Baadaye Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfano huo na kuueneza. Kwa mgonjwa wa utando kufuatiliwa huko ndiyo tiba yenyewe, kwa sababu mwili wake umeshaacha kumkumbusha.

Usaha ni kisa tofauti. Homa ya mapafu ikiacha bakteria kwenye uwazi, maji huanza mepesi, kisha hutengeneza nyuzi na vyumba, kisha huganda na kulifunga pafu ndani ya ganda gumu. Hapo dawa peke yake haifiki. Lazima yatoke, tena kabla vyumba havijajengeka. Lakini namna ya kuyatoa ina historia ya kusikitisha. Katika majira ya baridi ya 1917 na 1918, surua na kisha mafua vilipita kwenye kambi za jeshi la Marekani, na vijana wengi wakapata usaha wa kifua. Madaktari waliwapasua mapema na kuacha kifua wazi, kama walivyofundishwa. Kiasi cha asilimia 30 walikufa. Tume iliyoundwa mwaka 1918, ambamo alikuwemo daktari mpasuaji Evarts Graham, ilionyesha kosa: pafu lilikuwa bado halijashikamana na ukuta, kwa hiyo tundu lililoachwa wazi liliingiza hewa na kuyazima mapafu yote mawili. Tume ilishauri usaha utolewe kwa mrija usioruhusu hewa kuingia, tundu la wazi lingoje, na mgonjwa alishwe vizuri. Vifo vilishuka chini ya asilimia 5 pale Camp Lee, mojawapo ya kambi hizo. Chupa yenye maji inayowekwa sakafuni pembeni ya kitanda, mrija umezamishwa ndani yake, inafanya kazi hiyohiyo leo: usaha na hewa vinatoka, hakuna kinachorudi. Ukimwona ndugu yako nayo wodini, usiinyanyue juu ya kifua chake.

Inabaki saratani, ya titi au ya pafu mara nyingi, inapofika kwenye utando na kuziba vitundu vya limfu. Maji hurudi kila yanapotolewa, na hakuna dawa inayoahidi kuyakomesha. Wazo lililowasaidia madaktari ni la ajabu kidogo: kama uwazi ndio unaojaa, kwa nini usiondolewe kabisa? Tembo hana uwazi huo. Kuta mbili za utando wake zimeshikamanishwa na nyuzi tangu kuzaliwa, na mwanafiziolojia John West alipendekeza sababu yake: tembo huvuka maji marefu akiwa amezama, mkonga tu ukiwa nje, na tofauti ya shinikizo kati ya hewa anayovuta na maji yanayomzunguka ingepasua mishipa midogo ya utando uliolegea. Hata bila uwazi huo, tembo anapumua vizuri tu.

Binadamu anaweza kufanyiwa hivyo kwa makusudi. Mwaka 1935 Norman Bethune, daktari mpasuaji wa Kanada aliyewahi mwenyewe kuugua kifua kikuu, alieleza jinsi ya kupuliza unga wa talki kwenye utando ili uvimbe na kugandana. Yeye aliutumia kuandaa pafu kwa upasuaji. Leo unga huohuo huingizwa kifuani baada ya maji kutolewa yote, na kwa wagonjwa wengi wa saratani kuta hushikana na maji hukosa pa kukaa. Pale ambapo pafu limekataa kutanuka, mrija mwembamba huachwa chini ya ngozi, na jamaa wa mgonjwa hufundishwa kuyatoa wenyewe nyumbani. Kwa mgonjwa huyu nafuu ya pumzi haimdanganyi mtu. Daktari ameshamwambia ugonjwa ni upi na kwamba hauondoki, na alichoomba ni kulala chali, kula mezani na wenzake, na kumaliza sentensi bila kukatika.